Kitabu cha bure cha OpenStax: kinajibu "kwa nini" vizuri kuliko "wapi"

Nianze na bei maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza: hakuna bei. Kitabu kinaitwa Anatomy and Physiology, yaani maumbile ya mwili (anatomia) na jinsi unavyofanya kazi (fiziolojia), kimetolewa na OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Texas. Toleo la kwanza lilitoka 2013, la pili 2022, na chote kipo kwenye tovuti yao. Unakisomea hapohapo au unapakua PDF. Leseni yake inaruhusu kunakili, kuchapa na kugawa mradi useme kilikotoka, kwa hiyo yule kaka wa steshenari anayekutazama kama mwizi ukimpelekea flashi yenye kitabu kizima, safari hii hana neno.

Nasoma diploma ya uuguzi na ukunga, mwaka wa kwanza, baada ya miaka mingi ya kuwa mhudumu kwenye zahanati. Wenzangu darasani wengi ni wadogo zangu, wametoka kidato cha nne juzi tu na baiolojia yao bado ni ya moto. Yangu ilishapoa zamani. Haya ni maoni ya mtu aliyehitaji kuelezwa taratibu, na kuhusu kueleza taratibu, kitabu hiki sijaona wa kukishinda kati ya vilivyopita mikononi mwangu.

Chukua ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kumpa mtoto anayeharisha. Nimeshachanganya pakiti ngapi pale zahanati, lita moja ya maji safi, koroga, mpe mtoto kidogokidogo. Mama akiniuliza sukari ya nini, nilikuwa namjibu ni ya kumpa mtoto nguvu, kama nilivyoambiwa na walionitangulia. Sura ya 3, inayohusu seli, inaeleza jinsi vitu vinavyopita kwenye utando wa seli, na humo kuna protini inayoingiza sodiamu (ya kwenye chumvi) na glukosi (sukari) kwa pamoja, mlango mmoja, safari moja. Nikasimama hapo. Kumbe ile sukari iko kwenye pakiti ili chumvi ipate kuingia kupitia ukuta wa utumbo mwembamba, na chumvi ikishaingia maji yanaifuata. Ndiyo maana kwenye lita moja kuna gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya tangu 2002, na ndiyo maana mama hatakiwi kuongeza sukari kwa huruma. Sukari ikizidi, maji yanavutwa kurudi ndani ya utumbo na kuhara kunaongezeka. Kitabu chenyewe hapo hakizungumzii zahanati yoyote, kinazungumzia seli tu. Lakini ukishaielewa seli, mengine unayaunganisha mwenyewe.

Figo nazo hivyohivyo. Madesa tunayorithishana kutoka kwa waliotutangulia yanakupa orodha: kazi za figo, moja hadi saba, kariri. Kitabu kinakutembeza ndani ya nefroni, vile vichujio vidogo vya figo, hatua kwa hatua mpaka unashangaa mwenyewe kwamba figo huchuja lita kama 180 kwa siku na bado mtu anakojoa lita moja au mbili. Ukishajua karibu yote yanarudishwa, na yanarudishwa sehemu gani, hata dawa za kukojoza zinaanza kuwa na maana, na somo la dawa bado hatujalifikia. Mwisho wa kila sura kuna muhtasari na maswali ya kuchagua, majibu yako nyuma ya kitabu. Kwa sisi tunaopiga msuli usiku bila mwalimu wa kuuliza, hilo ni jambo kubwa.

Sasa anatomia. Hapa napunguza sifa. Picha ni safi na zina rangi, lakini nyingi ni michoro, na mfupa mchorwe vizuri namna gani, unauona kwa upande mmoja au miwili. Kwenye mtihani wa vitendo unakuta mfupa wa paja mezani, kengele imeshalia, swali: wa kulia au wa kushoto? Maelezo yamo kitabuni, kwamba kichwa cha mfupa kinaelekea ndani na lile tuta refu linaloitwa linea aspera liko nyuma, ila mkono usiowahi kuushika mfupa huo utahangaika. Sura za 7 na 8 zisomeni mkiwa maabara, mifupa ya plastiki mbele yenu, ama sivyo msizisome kabisa. Kwa mifupa 8 ya kifundo cha mkono, kitabu kina sentensi yake ya Kiingereza ya kukumbukia. Kikundi chetu tulitunga ya kwetu, kutoka upande wa dole gumba, safu ya juu kisha ya chini, kwa herufi za mwanzo za majina yake ya kitaalamu: Sisi Leo Tumepika Pilau Tamu, Tena Chai, Halua. Haijamtoka mtu hata mmoja.

Na mjue ni kitabu cha Wamarekani. Kinasema epinefrini, wakati chupa kwenye trei ya dharura imeandikwa adrenalini. Ni kitu kilekile. Tahajia za anemia na edema kwao zimepunguzwa herufi, kwa hiyo ukiandika kama wao mbele ya mkufunzi mkali, shauri yako. Sukari ya damu wanaipima kwa miligramu kwa desilita, glukomita zetu zinatoa milimoli kwa lita. Gawanya kwa 18: 126 ya kitabuni ni 7.0 ya kwetu. Selimundu imeelezwa kwenye sura ya damu, nayo inatuhusu sana, lakini kwa malaria usikitegemee. Hiyo utaipata kwa wakufunzi na kwenye miongozo ya wizara.

Kuhusu simu: PDF ni zito, kurasa zinapita 1,000, na simu yangu ndogo ilikuwa inaganda kila nikiruka sura. Video zilizounganishwa zinataka bando. Niliishia kuchapa sura chache, nyeusi na nyeupe, shilingi 100 kwa ukurasa, nikazibaindi. Onyo moja hapo: bila rangi, ateri nyekundu na veni ya bluu zote zinakuwa kijivu, na mchoro wa moyo unageuka fumbo. Sura ya 19 na ya 20, za moyo na mishipa ya damu, lipieni rangi, angalau kurasa zenye michoro.

Kwa wauguzi na wakunga wenzangu, ningechapa kwa mpangilio huu: 3, 18 ya damu, 19, 20, 25 ya figo, 26, kisha 27 na 28 za uzazi na mimba. Ya 26, ya maji na chumvi za mwilini, ndiyo ngumu kuliko zote. Someni wawili wawili, mmoja akieleza kwa Kiswahili na mwenzake akishika kitabu. Ya 11, ya misuli, niliiacha kwenye simu. Ni majina matupu, na kwa majina madesa yanatosha.