Kiolezo cha komiti cha Git kwa waandishi wa miongozo: nyota 4 kati ya 5

Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, ina kipengele ambacho waandishi wengi wa miongozo ya programu hawakigusi: kiolezo cha ujumbe wa komiti, yaani maelezo yanayoambatana na kila badiliko linalohifadhiwa. Ni cha bure na kimo ndani tayari. Weka faili kiolezo.txt kwenye mzizi wa hazina (folda ya mradi inayosimamiwa na Git), kisha andika:

git config commit.template kiolezo.txt

Tangu hapo kila git commit inafungua kihariri maswali yakiwa yamepangwa: nini kimebadilika, kwa nini, nani ataathirika. Ukihifadhi bila kujaza kitu, Git inakataa kukomiti. Hapo ndipo thamani yake ilipo.

Chukua mwongozo wa programu ya mawakala wa forodha hapa Mombasa. Unasema namba ya kontena ina nafasi 10. Wakala wa Kilindini anaacha tarakimu ya mwisho, ile ya ukaguzi, na fomu inamkatalia. Mwandishi anasahihisha, kisha anaandika "marekebisho madogo". Kesho mwenzake akiuliza kwa nini 10 imekuwa 11, historia haina jibu. Kiolezo kingemsukuma aandike hivi:

docs: sahihisha urefu wa namba ya kontena

Mwongozo ulisema nafasi 10. Namba kamili ni
herufi 4 na tarakimu 7. Bila tarakimu ya
ukaguzi, fomu inakataa.

Mstari wa kwanza una nafasi 41. Desturi ni usizidi 50, na mistari ya maelezo isizidi 72. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo 50 inabana kweli. Tumia kitenzi cha kuamuru, "sahihisha" badala ya "nimesahihisha", na utaokoa nafasi 4. Usisahau kamwe kuweka mstari mtupu baada ya kichwa. Ukikosekana, git log --oneline, amri inayoonyesha kila komiti kwa mstari mmoja, inaunganisha kichwa na maelezo kuwa utepe mmoja mrefu usiosomeka.

Kasoro ya kwanza inawauma zaidi waandishi wa Markdown, mtindo wa kuandika ambamo # huanzisha kichwa. Ukihariri ujumbe, mstari unaoanza na # huhesabiwa kuwa maoni na kufutwa. Anayebandika kichwa cha sura, "# Malipo", au kuanza mstari na "#42", namba ya tiketi, anakuta kimetoweka bila onyo. Dawa ni git config core.commentChar ";", na maswali ndani ya kiolezo nayo yaanze na alama hiyo.

Ya pili ndiyo iliyokula nyota moja. Faili ya kiolezo inasafiri na hazina, lakini mpangilio wake hausafiri: kila anayeinakili hazina upya lazima aandike amri ile ya commit.template mwenyewe. Tena, anayezoea git commit -m, ambayo ujumbe wake huandikwa papo hapo kwenye amri, anakiruka kiolezo kizima. Skripti ya commit-msg, ambayo Git huiendesha kukagua ujumbe kabla ya kukomiti, inaweza kumzuia. Iweke kwenye folda ndani ya hazina, tuseme kaguzi, uipe ruhusa ya kuendeshwa, kisha git config core.hooksPath kaguzi. Hata hiyo inarukwa kwa --no-verify, chaguo linaloiambia Git iache ukaguzi huo.

Kwa timu ya watu wawili watatu wanaokaa meza moja, kiolezo peke yake kinatosha kabisa. Mkiwa wengi, au mkipokea michango kutoka nje, ongezeni ukaguzi upande wa seva, kwa sababu huko --no-verify ya mtu kwenye kompyuta yake haifiki.