Plasta, jojo au peremende ya nikotini: ipi inamfaa mzee anayeacha sigara?

Kwa mvutaji aliyevuka miaka 60, plasta ya nikotini iwe ya kwanza kununuliwa, jojo iwe ya mwisho. Sababu iko mdomoni. Jojo hii ni ngumu kuliko ya kawaida, hunasa kwenye meno bandia, na mwenye maumivu ya taya huichoka mapema. Halafu ina utaratibu wake: itafunwe polepole mpaka mdomo uanze kuwasha, ibanwe kati ya fizi na shavu, mwasho ukiisha itafunwe tena, hivyo hivyo kwa nusu saa. Anayeitafuna mfululizo anameza nikotini pamoja na mate, anaambulia kwikwi na kiungulia, na hamu ya sigara iko palepale.

Plasta haina mbinu nyingi. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, akamalizia na 7 kwa wiki 2. Wa sigara 10 kushuka chini huanza na 14 kwa wiki 6, kisha 7 kwa wiki 2. Wengi huharibu kwa kushusha dozi mapema kwa kuwa mzee anaonekana yuko sawa. Yuko sawa kwa sababu ya hiyo plasta!

Udhaifu wake ni ngozi. Ngozi ya uzeeni ni kavu na nyembamba, kwa hiyo watu huipaka mafuta, na plasta haishiki juu ya mafuta. Paoshwe, pakaushwe, ibandikwe juu ya mkono au kifuani pasipo nywele, ikandamizwe kwa kiganja sekunde 10. Kesho yake ihamie pengine; pale pa leo pasirudiwe mpaka wiki ipite. Mwasho mdogo wa saa ya kwanza ni kawaida, malengelenge siyo. Ndoto za ajabu zikimsumbua, aibandue anapolala. Iondolewe pia kabla ya kipimo cha MRI, maana baadhi zina tabaka la metali linaloweza kuunguza ngozi. Iliyotumika ikunjwe gundi kwa gundi na itupwe mbali na watoto. Bado ina nikotini ya kuwadhuru.

Ila plasta hutoa nikotini taratibu, haiwahi ile arosto ya ghafla baada ya chakula. Hapo peremende ya kumumunya inastahili pesa yake, na viwili hivi pamoja hufanya kazi kuliko kimoja pekee. Anayewasha sigara ndani ya dakika 30 tangu aamke achukue ya miligramu 4, wengine 2. Huyeyuka kwa dakika 20 hadi 30, haitafunwi wala haimezwi. Kahawa, soda na juisi zikae kando dakika 15 kabla, kwani asidi huzuia nikotini kupenya mdomoni.

Aliyepata mshtuko wa moyo ndani ya wiki 2 zilizopita aanze kwa daktari, si dukani.

Jambo linalopuuzwa mno wakati wa kuuza bidhaa hizi ni dawa nyingine za mzee. Moshi wa sigara, wala si nikotini, hulichochea ini kuvunja baadhi ya dawa haraka. Moshi ukikoma, theofilini (dawa ya pumu), klozapini na olanzapini (dawa za magonjwa ya akili) hupanda kwenye damu ingawa vidonge ni vilevile, na plasta haizuii hilo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, apimwe INR, yaani kasi ya damu kuganda. Wa insulini aangalie sukari isishuke mno. Daktari aambiwe kabla ya siku ya kuacha, dozi zipangwe upya mapema.

Kafeini nayo hufuata njia hiyohiyo. Vikombe vilevile vya kahawa huanza kuleta moyo kwenda mbio na usiku bila usingizi, lawama zikaangukia plasta, ikabanduliwa. Vipunguzwe vikombe kwanza, hadi nusu.