TAHADHARI: Altaneta za "ex-Japan" zenye namba za uongo, Kirinyaga Road

Wenye magari ya zamani, someni hii kabla hamjatoa pesa. Kuna muuzaji wa vipuri Kirinyaga Road, Nairobi, anayewavizia watu ambao betri zao zinaisha chaji.

Dadangu ana Toyota Corolla 110. Akiliegesha wikendi nzima, Jumatatu haliwaki mpaka aombe jirani jampa. Akaelekezwa kwa huyo muuzaji. Fundi wa hapo akachomoa waya wa betri injini ikinguruma, gari likazima, akasema altaneta, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, imekufa. Dadangu akauziwa nyingine ya "ex-Japan", yaani iliyotumika ikaagizwa kutoka Japani, kwa shilingi 14,500, eti ina uwezo wa kutoa umeme wa ampea 100. Ile ya zamani ikabaki dukani.

Jamani, msikubali gari lenu lipimwe hivyo. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaweza kuruka zikaunguza kompyuta ya gari. Tena hakithibitishi lolote kipimo hicho, maana hata altaneta nzima inaweza kuzimika ikinyang'anywa betri.

Jumatatu iliyofuata likagoma tena, nikaenda na mita yangu. Injini ikiwaka, betri inatakiwa isome kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ilisoma 13.9. Lakini nilipowasha taa kubwa, feni na kipasha joto cha kioo cha nyuma, nikakanyaga mafuta kidogo, ikashuka hadi 12.5. Mkanda ulikuwa umekazwa sawasawa. Basi altaneta ilishindwa na mzigo, betri ndiyo iliyokuwa ikiubeba. Nikamulika tochi: rangi ya fedha imepigwa juu ya vumbi, vichwa vya skrubu vimelika kwa kufunguliwa mara nyingi, na kibandiko cha "100A" kimeinuka pembeni. Nikakibandua kwa ukucha. Chini yake kuna kibati cha kiwandani: 12V 70A.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa kwingine kabisa. Nilizima gari, nikatoa ufunguo, nikafunga milango, nikaunga mita kwenye njia ya waya hasi wa betri, kisha nikaipa nusu saa itulie. Gari la namna hii likilala halifai kula zaidi ya miliampea 50. Lake lilikuwa linakula 600! Nikachomoa fyuzi moja moja, hakuna kilichobadilika, hadi nilipofika kwenye ile ya amplifaya ya wufa (spika ya besi), iliyoungwa moja kwa moja na betri. Namba ikaanguka papo hapo. Waya wa kuiwasha ulikuwa umefungwa kwenye umeme usiozimika, hivyo amplifaya ilibaki imewaka hata gari likizimwa. Ampea 0.6 kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni karibu ampea-saa 36, na betri yake ni ya 45. Kuuhamisha waya huo hakukutugharimu hata shilingi.

Tuliporudi dukani, pesa hazirudishwi, na altaneta yake ya zamani "imeshauzwa". Risiti imeandikwa "spea" tu.

Wapo wauzaji waaminifu mtaa huo huo, nami hununua kwao. Ila mtu akikwambia altaneta imekufa, mwambie akupimie kwa mita ukiona, taa zikiwa zimewaka. Ampea na muda wa garanti viandikwe kwenye risiti. Altaneta yako ya zamani ni mali yako, ondoka nayo. Na kama ulinunua ya rangi ya fedha yenye kibandiko cha "100A", kibandue uone kilichoandikwa chini.