Nimelipia tuisheni ya hesabu mtandaoni, binti yangu akafungiwa maiki kwa kuuliza swali

Wazazi wenzangu mlio na watoto wa kidato cha nne, naandika haya hasira zikiwa bado zinanichemka, na sikutaka kusubiri zipoe. Zikipoa nitaanza kujiambia kwamba pengine nimelikuza jambo. Sijalikuza.

Jina la hiyo huduma silitaji. Ni mojawapo ya hizi zinazotangazwa kila ukifungua simu: darasa la jioni, mwalimu mubashara, unalipa kwa mwezi kwa simu na unatumiwa linki. Bei na ratiba mtazisoma kwenye matangazo yao. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile lililotokea siku ya somo la logi (logarithms, zile namba za majedwali za kurahisisha kugawa na kutafuta vipeuo), siku moja katikati ya wiki, mwezi na kitu umepita sasa.

Swali lilikuwa fupi: tafuta kipeuo cha tatu cha 0.0453. Mwalimu akachukua kikokotoo, akabonyeza, akasema logi yake ni hasi 1.3439, igawe kwa tatu, irudishe, jibu ni 0.3565, twende swali linalofuata. Haikufika hata dakika mbili.

Binti yangu alikuwa na kitabu cha majedwali mapajani. Ukienda kwenye jedwali la logi ukatafuta 4.53 unapata .6561, na kwa sababu 0.0453 ni 4.53 iliyosogezwa nafasi mbili, mbele yake unaandika mbili yenye kistari kichwani, yaani hasi mbili. Ndivyo walivyomfundisha shuleni na ndivyo atakavyofanya kwenye mtihani wa taifa Novemba. Sasa akaona kitu kimoja kina sura mbili, kwake mbili ya kistari nukta 6561, kwa mwalimu hasi 1.3439. Akafungua maiki kwa adabu kabisa: "Samahani mwalimu, mimi kwenye jedwali nimepata tofauti, na nikitaka kugawa kwa tatu ile mbili haigawanyiki. Nifanyeje?"

Nilikuwa palepale sebuleni napiga pasi, kila neno nimelisikia. Mwalimu akasema: "Wewe bado uko kwenye majedwali? Hayo mambo ya zamani. Fuata ninavyofanya mimi." Mtoto akajibu, bado kwa adabu: "Lakini mwalimu, kwenye mtihani kikokotoo hakiruhusiwi." Akaambiwa asiwapotezee wenzake muda, na hapohapo maiki yake ikafungwa kutoka upande wa mwalimu. Alipojaribu kuifungua tena, ikakataa. Wenzake wote wanaona jina lake pale kwenye kioo, na wote wamesikia.

Jamani, mtoto alikuwa sahihi! Karatasi ya Basic Mathematics ya NECTA, Baraza la Mitihani, inasema wazi kwenye maelekezo ya ukurasa wa kwanza kwamba majedwali yanaweza kutumika, na vikokotoo haviruhusiwi chumba cha mtihani. Inasema pia kwamba hatua zote za kazi zionyeshwe. Mtihani una maswali 14, kumi ya alama sita sita na manne ya alama kumi kumi, na yote yanajibiwa kwa kalamu, karatasi na hicho kitabu alichokiita cha zamani. Mwalimu anayechukua pesa za wazazi kuwaandaa watoto kwa mtihani huo anapaswa kulijua hilo kabla hajawasha kamera. Kama analijua na bado anafundisha kwa kubonyeza, basi ni vibaya zaidi.

Na jibu la swali la mtoto lilikuwa la nusu dakika. Hasi mbili ukijumlisha 0.6561 unapata hasi 1.3439, kwa hiyo zile sura mbili ni namba moja. Na mbili isipogawanyika kwa tatu, unaifanya tatu ya kistari, ile moja uliyoiazima unairudisha upande wa desimali, inakuwa 1.6561. Gawa kwa tatu: moja ya kistari nukta 5520. Nenda jedwali la antilogi, lile la kurudisha logi kuwa namba ya kawaida, unakuta 3565, jibu ni 0.3565, lilelile la kikokotoo. Ni hiyo tu! Hapo penye kuazima ndipo watoto wengi wanapokwama, na binti yangu alikuwa amepagusa kwa kidole hasa. Mwalimu mwenye mapenzi na kazi yake angefurahi kuulizwa hivyo.

Mimi naliona hili kwa uzito kwa sababu ya hali ya somo lenyewe. Kwenye matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa karibu asilimia 20 tu, na kufaulu kwenyewe kunaanzia alama 30, yaani D. Kwa watahiniwa watano, mmoja. Katika hali hiyo, mtoto anayeinua mkono na kusema "hapa sijaelewa" ni wa kushikwa mkono. Huyu wangu tangu jioni ile hakufungua maiki tena. Alikuwa anaingia darasani, anakaa, anaandika, anatoka. Nikimuuliza umeelewa, ananiambia "nimeelewa, mama," na namjua mwanangu, alikuwa hajaelewa.

Nikaandikia huduma kwa wateja. "Ndugu mteja, tumepokea maoni yako na tunayathamini." Nikaandika tena kwa kirefu, nikaeleza na siku na saa. Likaja jibu lilelile, neno kwa neno. Nikaomba basi warudishe hela ya siku zilizobaki, nikaambiwa malipo yakishafanyika hayarudishwi. Bando nalo ni langu, maana darasa la video linakula MB si mchezo, na huku kwetu Kahama mtandao ukianza kusuasua jioni unajiunga mara ya pili ili mtoto asikose kipindi. Hilo la mtandao siwalaumu, si lao.

Ningeishia hapo ningesema kwa kifua kipana: msiwape hata shilingi.

Lakini kuna wiki yule mwalimu alipata dharura, wakaleta Madam mmoja wa kushika nafasi yake. Huyu mama, Mungu ambariki popote alipo. Kwanza hakuweka ile slaidi iliyokwisha kujazwa majibu. Aliiegemeza simu yake juu ya meza, kamera ikaangalia chini kwenye daftari na kitabu cha majedwali, watoto wanaona kidole chake kikishuka kwenye mstari wa 45 na kwenda safu ya 3. Halafu akasema alisikiliza rekodi za vipindi vilivyopita, na kuna mwanafunzi aliuliza swali zuri sana la logi ambalo halikujibiwa, akamtaja kwa jina. Akamwambia: "Hebu liulize tena, mwanangu, wenzako nao walisikie."

Niliacha nilichokuwa nafanya. Binti yangu alikaa kimya kidogo, kisha akauliza. Madam akalijibu polepole, akampa jingine la kipeuo cha pili, akampa na la kugawa, akamsubiri afanye mwenyewe hadi mwisho bila kumkatiza. Mtoto alikosea mahali, Madam hakumrukia, akamuuliza tu "hiyo moja uliyoazima umeirudisha wapi?" na mtoto akaona mwenyewe. Wiki hiyo walifanya pia Dunia kama tufe, zile latitudo na longitudo zinazowatesa watoto, na huyu wangu alikuja jikoni kunieleza kwa nini kilomita za digrii moja ya longitudo hupungua ukielekea kwenye ncha, na ile kosaini ya latitudo inatoka wapi. Sikumuuliza. Alikuja mwenyewe, anaongea huku anachora hewani kwa kijiko.

Kwa hiyo hapo nilikuwa tayari kufuta maneno yangu yote na kulipia miezi iliyobaki kwa mkupuo. Na nitasema kweli: kwa wazazi walio sehemu ambazo shule haina mwalimu wa hesabu, au ana watoto mia darasani, huduma kama hii ingeweza kuwa mkombozi. Rekodi zinabaki, mtoto anarudia apendavyo, usiku hatembei barabarani kwenda tuisheni. Hayo ni mazuri na siyafichi.

Wiki iliyofuata Madam hayupo. Karudi yuleyule na kikokotoo chake.

Nikapiga simu, safari hii sikuandika. Nikaomba mtoto wangu awekwe kwa Madam, hata kama ni saa nyingine, hata kama naongeza hela. Dada aliyepokea akaniambia walimu wanapangwa na mfumo na mzazi hachagui. Nikamuuliza, mfumo umesikiliza rekodi? Akasema atalifikisha kwa wahusika. Hadi leo wahusika sijawasikia. Ndiyo maana nasema kosa si la mwalimu mmoja. Wana mwalimu bora, wanajua ni bora kwa sababu rekodi wanazo wao, na bado wanamweka akiba kama tairi la spea.

Basi mkitaka kujiunga na huduma yoyote ya namna hii, msilipe mwezi kabla hamjaomba kuketi na mtoto kipindi kimoja. Muulizeni mwalimu anafundisha logi kwa kutumia nini, majedwali au kikokotoo. Akisita, ondokeni. Ulizeni pia kama mtoto anaruhusiwa kuuliza kwa sauti au ni kuandika tu, na kama mwalimu akibadilishwa mtaambiwa.

Mimi mwezi huu sijalipa. Nimepata kijana wa chuo jirani anayekuja Jumamosi, ni mpole, tunaendelea naye. Wakinipigia kesho waseme Madam amepewa darasa, nitalipa siku hiyohiyo bila kubishana bei. Bila Madam, hapana. Na hata Madam akirudi, bado kuna deni: yule mwalimu aingie kwenye lile darasa, mbele ya watoto walewale waliosikia, amwombe binti yangu radhi kwa jina, na amwambie kwamba siku ile alikuwa sahihi.