Memori kadi ya Pico kwenye PlayStation ya zamani: uzoefu wangu wa miezi saba hapa Mbeya

Kaka yangu na mimi tulianza kujenga timu yetu ya mpira kwenye PlayStation ya nyumbani mwaka 2002, na timu yote ilikaa ndani ya memori kadi moja ya kijivu. Mwaka jana kadi ile ikaanza kuzingua. Leo inasoma, kesho mashine inasema haijafomatiwa, na ukikubali kuifomati tu, kila kitu kimekwenda. Nikanunua mbili mpya za bei rahisi kwenye duka moja mjini. Ya kwanza haikumaliza wiki, ikafuta kila kitu. Ya pili sikuthubutu kuiwekea kitu chochote cha maana.

Fundi mmoja wa redio pale Kabwe ndiye aliyenielekeza kwa kijana wa Iyunga anayechora bodi zake mwenyewe, vile vibao vinavyobeba vipuri vya umeme, za mashine za gemu za zamani. Nilimkuta ana meza ndogo, pasi ya kuchomea risasi, darubini ya mkononi na laptopu yenye KiCad, programu ya bure ya kuchorea bodi. Nilimlipa shilingi 45,000 kwa memori kadi aliyoiunda mwenyewe. Nimeitumia kadi yake miezi saba sasa, na ningekuwa sina ningeinunua tena.

Ndani yake kuna Raspberry Pi Pico, ile bodi ndogo ya kompyuta iliyotoka Januari 2021 kwa dola 4, yenye chipu ya RP2040. Programu inayoendesha inaitwa PicoMemcard, na iko wazi kwa yeyote. Kazi yake ni kujibu maswali ya PlayStation kama memori kadi halisi inavyojibu, na kwa kasi ileile, maana mashine ikicheleweshewa jibu kidogo tu inahesabu kwamba hakuna kadi. Memori kadi ya mashine hii, iliyotoka Japani Desemba 1994, ni ya kilobaiti 128 tu, imegawanywa vipande 15 vya kuhifadhia. Pico ina RAM, kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika, ya kilobaiti 264. Kadi nzima inaingia humo mara mbili na nafasi inabaki.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni ile aliyoiongeza kijana mwenyewe. Mdomo wa mashine unakochomekwa memori kadi unatoa umeme wa volti tatu na nusu hivi. Waya wa USB wa laptopu unatoa volti 5. Mtu akisahau kadi ikiwa kwenye mashine halafu akachomeka na USB, umeme wa laptopu unaweza kurudi nyuma ukaingia kwenye PlayStation, na vipuri vya mashine ya umri huo utavipata wapi? Basi akaweka dayodi ya Schottky kwenye njia ya umeme, kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, umeme unapita humo upande mmoja tu. Alinigeuzia bodi akanionyesha kwa ncha ya kibano. "Kaka, hii hapa ni ya shilingi mia kadhaa, lakini ndiyo inayolinda mashine yako." Bado akanisisitizia nisichomeke vyote viwili kwa pamoja.

Siku ya kuokoa timu ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, baridi ya Mbeya mnaijua, jiko la mkaa tumeliweka sebuleni mlango wazi. Nikaweka kadi ya kijivu mdomo wa kwanza, kadi ya Pico mdomo wa pili, nikawasha mashine bila CD. Wengi wamesahau kwamba PlayStation ukiiwasha hivyo inakupa ukurasa wake wa memori kadi, na pale unaweza kunakili kutoka kadi moja kwenda nyingine. Mara mbili kadi ya zamani haikuonekana. Nikaitoa, nikafuta meno yake kwa pamba yenye spiriti, nikairudisha taratibu. Ya tatu vikajitokeza vipicha vyote, mpira ule mdogo unazunguka kama zamani. Nikanakili kipande kimoja kimoja, sikutaka kuiharakisha.

Nilipomaliza nikazima mashine, nikaichomoa Pico, nikaiunga kwenye laptopu. Ikatokea kama flashi ya kawaida, ndani yake faili moja la baiti 131,072. Miaka yetu yote pale! Nikamtumia kaka kwa WhatsApp, yuko Tunduma siku hizi. Akaliweka kwenye emuleta ya simu yake, programu inayoigiza PlayStation, na saa moja baadaye akanipigia. Alianza kunitajia majina ya wachezaji tuliowabatiza wenyewe, majina ya watoto wa mtaa wetu pale Soweto, mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao alishafariki. Tulinyamaza kidogo kwenye simu.

Kasoro zipo, na moja ni kubwa. PlayStation inapoandika kwenye kadi, Pico hupokea kwanza kwenye RAM, halafu baada ya muda mfupi ndipo inahamishia kwenye flashi yake ya ndani, isiyofutika umeme ukikatika. Gemu inakwambia tayari, kumbe bado. Mwezi wa kumi na moja mvua zilipoanza, nilihifadhi mechi ya nusu fainali, umeme ukakatika papo hapo. Uliporudi, mechi haikuwepo. Kadi ya kawaida haina tatizo hili, na huku kwetu umeme unavyokatika mtu anapaswa kulijua kabla hajatoa hela. Sasa baada ya kuhifadhi sigusi kitu mpaka taa ya kijani ya Pico inipe ishara kwamba imemaliza.

Meno ya bodi yamepakwa bati, si dhahabu. Baada ya kuchomeka na kuchomoa kwa miezi kadhaa yana mikwaruzo, na mara mojamoja inabidi niyafute. Kijana alinieleza kwamba dhahabu kiwandani China ingepandisha bei, na yeye huagiza bodi 5 tu kwa mara moja, zinafika Dar halafu zinapanda basi mpaka huku. Ningelipa nyongeza hiyo kwa moyo mmoja.

Halafu kuna ile taa. Bodi imechorwa Pico ikitazama chini, na mdomo wa memori kadi uko juu ya mdomo wa pedi, kwa hiyo taa ninayotakiwa kuisubiri inamulika waya wa pedi. Ninaiona kwa mwanga wake kwenye meza. Nilipomweleza hakubisha. Alifungua mchoro mbele yangu, akaigeuza Pico itazame juu, kisha akaanza kuzisogeza njia za shaba upya, moja moja, akiniuliza kila mara kama ganda la kadi yangu mbovu lingefunga juu yake. Nimemwachia lile ganda apimie, na nimeshalipia bodi ya kaka.