Simenti ya resini: ipi uitangulize kununua?

Hii ni simenti ya daktari wa meno, ya kubandikia taji (kofia ya jino) na kazi nyingine kama hizo. Kabla ya yote, funika kwa kidole ile namba kubwa ya megapaskali (kipimo cha nguvu ya mshiko) iliyochapwa kwenye boksi. Simenti ileile ikipimwa kwa kuvuta vipande vyembamba sana hutoa namba kubwa kuliko ikipimwa kwa kusukuma kipande kipana, kwa sababu kipande kidogo kina kasoro chache za ndani. Tena kipimo cha saa 24 hakikuambii mshiko utakavyokuwa baada ya maelfu ya mizunguko ya maji moto na baridi. Mshiko wa baada ya mizunguko hiyo ndio wa kumuuliza muuzaji. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4049 nacho kinataka unene wa utando wa simenti usizidi maikromita 50 na uimara wa kupinda usipungue megapaskali 50. Hicho ni kizingiti cha mlangoni tu.

Nafasi ya kwanza naipa simenti inayoganda kwa mwanga na kwa kemikali, yenye praima ya kujichoma (kimiminika cha kuandaa jino kinacholichoma chenyewe, bila asidi ya pembeni) iliyotiwa MDP, molekuli ya kunatisha. Molekuli hii hushika kalsiamu ya jino, na hushika zirkonia pia, ile kauri ngumu ya kutengenezea mataji. Kampuni ya Kuraray iliitumia kwenye simenti yake ya Panavia tangu 1983. Zirkonia haina kioo, kwa hiyo asidi ya haidrofloriki haiifanyi kitu; ipulizie alumina kwa shinikizo dogo, kisha praima. Taji likishajaribiwa mdomoni lisafishwe vizuri, maana fosfeti za mate hukalia nafasi ambazo MDP ingezishika. Taji la disilikati ya lithiamu, kauri yenye kioo, ni habari nyingine: hapo haidrofloriki na sileni (kemikali ya kuunganisha kioo na resini) ndizo zinazofanya kazi.

Ya pili ni simenti inayojishika yenyewe, aina iliyopata umaarufu na RelyX Unicem mwaka 2002. Hatua moja, basi. Kwa taji lenye kuta ndefu inatosha kabisa. Udhaifu wake ni enameli, tabaka gumu la nje la jino, kwa hiyo enameli peke yake ichomwe kwanza kwa asidi ya fosforiki. Na usidanganywe na neno "huganda yenyewe": nyingi hulegea kiasi zisipopata taa.

Ya tatu ni ile ya kuchoma jino zima kwa asidi na kuosha. Kwenye enameli sioni ya kuishinda, lakini dentini, tabaka lililo chini ya enameli, ikikaushwa kupita kiasi nyuzi zake za kolajeni hulala, resini ikashindwa kupenya, na mgonjwa anarudi analalamika jino linauma.

Ya mwisho ni ya mwanga pekee, na imekuwa ya mwisho kwa kuwa ina kazi moja tu: vinia nyembamba, yale magamba ya kauri yanayobandikwa mbele ya jino. Kwa kazi hiyo mimi huichagua kabla ya zote, kwani rangi yake haibadiliki haraka.

Yoyote utakayochukua, simenti ya muda iwe isiyo na yujenoli (mafuta ya karafuu), kwani yujenoli huzuia resini kuganda. Kwenye hesabu ya bei weka na ncha za kuchanganyia: kila moja hubaki na simenti inayotupwa.