Kioo cha sonara cha shilingi 450, nilivyokijaribu kwa kifungo cha reli

Mimi ni fundi wa nguo hapa Voi. Kioo hiki cha kukuzia nilikinunua Mombasa mwezi uliopita, kwa mchuuzi aliyetandaza chaja na miwani ya kusomea kando ya njia, kwa sababu macho yangu yameanza kugoma kila nikipewa uzi mweusi na kitambaa cheusi. Ni kile cha kukunja wanachotumia masonara: lenzi ya upana wa kidole gumba, kifuniko cha bati, taa mbili pembeni.

Kimeandikwa kinakuza mara 30. Uongo. Niliweka jicho moja kwenye lenzi, jingine nikaliacha wazi juu ya tepu ya kupimia: milimita moja ndani ya kioo ilikuwa kama sentimita moja nje. Basi ni mara 10, na kwa kazi yangu mara 10 inatosha kabisa. Ila mtu asinidanganye.

Mtihani wenyewe ulikuja baada ya mvua. Mke wangu alikuwa kwenye matuta ya sukumawiki nyuma ya nyumba, upande wa reli ya zamani, akaniita: "Baba Rehema, hii si kumi bob?" Ukubwa ulikuwa ule ule wa sarafu ya kumi, milimita 23, lakini kilikuwa kifungo cha shaba kilichofunikwa kutu ya kijani. Fundi hujua kifungo hata kikiwa kimekufa. Hiki kilikuwa cha vipande viwili, uso uliobinuka umekunjiwa juu ya mgongo, na nyuma kina kikonyo cha waya. Vifungo vya sare vya namna hii mara nyingi havikuwa vikishonwa. Kikonyo kilipenya tundu la koti, kikashikwa kwa ndani na pete ya waya, ili siku ya kufua au kung'arisha vitolewe vyote. Pete ikichomoka, kifungo kwaheri.

Sikukisugua. Limau, majivu, dawa ya kung'arisha shaba, vyote vinakula herufi pamoja na uchafu. Nilikilaza kwenye mafuta ya nazi siku tatu, kisha nikachokoa udongo kwa kijiti cha meno.

Kwa macho matupu niliona "R & H" tu. Upande wa kushoto palikuwa pamelika. Nilitamani kiwe cha Vita Kuu ya Kwanza, maana reli ya kutoka hapa kwenda Taveta iliwekwa na jeshi la Waingereza wakati ule. Lakini hiyo H ni ya "Harbours", yaani bandari, na wakati wa vita reli yetu ilikuwa bado Uganda Railway, bila bandari katika jina. Bandari ziliingia mwishoni mwa miaka ya 1920, ilipokuwa Kenya and Uganda Railways and Harbours. Mwaka 1948 ikaunganishwa na reli ya Tanganyika, ikawa East African Railways and Harbours, hadi 1969 bandari zilipotengwa. Kwa hiyo ni K.U.R. & H. au E.A.R. & H., na jibu lilikuwa ndani ya kutu.

Hapa ndipo taa za kioo hiki ziliponiudhi. Zinamulika wima, shaba inarudisha mwanga wote jichoni, huoni kitu. Nilizizima nikaenda mlangoni saa kumi na moja jioni, jua likiingia kwa ubavu. Kila mkwaruzo ukatupa kivuli chake. Herufi ya kwanza ilikuwa imebaki mguu mmoja uliosimama, na chini yake kijistari kimelala bapa kuelekea kulia. K mguu wake hushuka kwa mshazari. Uliolala vile ni wa E. Herufi ya pili ilikuwa na kichwa kilichochongoka. U haina kichwa. Nilicheka peke yangu pale mlangoni.

Nyuma, kuzunguka kikonyo, nikasoma GAUNT na LONDON. J.R. Gaunt walikuwa watengenezaji wa Kiingereza wa beji na vifungo vya sare. Jina lao peke yake halikupi mwaka, herufi za mbele ndizo zinazoukaba: kati ya 1948 na 1969.

Nilimpelekea jirani yetu aliyekuwa gadi wa garimoshi. Alikipima kwa kiganja kabla hata ya kukitazama. "Fundi, hiki ni cha kifuani. Vya mkononi vilikuwa vidogo."

"Shikamoo Mzee, sijakusalimia. Kilikuwa cha gadi?"

"Marahaba. Gadi, stesheni masta, sote tulivaa hivi. Ukikosa kimoja paredi, umekwisha."

Kwa shilingi 450 nakipa kioo hiki nyota tatu na nusu. Lenzi ni safi katikati, kingoni inapinda mistari. Bawaba ililegea wiki ya pili, nikaikaza kwa bisibisi ya cherehani. Betri zake ni bapa kama za saa, nami sijazihitaji tangu nigundue mlango. Ukikiona kwa zaidi ya 600, pita.

Kifungo Mzee amekirudisha. Kioo anacho tangu Jumapili, anasomea karatasi zake za pensheni.